Vita vya Adhuhuri



Mwaka jana, wakati wa palizi, mzee mmoja wa kanisa letu alinijia nyumbani jioni. Mzee huyu ndiye apigaye kengele ya asubuhi na kuongoza sala za kijiji siku ambazo mchungaji yuko mbali, naye ameifanya kazi hiyo tangu mimi ni mtoto nisiyejua kusoma. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, akaketi, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe una kalamu. Niandikie barua kwa mchungaji, umwambie kwamba naiacha kazi ya kengele." Nikamwuliza kama anaumwa, akasema la. Nikamwuliza kama amekosana na mtu, akasema la. "Sikuiba, sikuzini, sikwenda kwa mganga. Lakini yapata miaka miwili sasa, nikisali ni kama natafuna makapi. Maneno yatoka kinywani, moyo haupo. Nami sipendi kufa mnafiki. Afadhali niache, nikae kimya, Mungu anione nilivyo."

Nikamwandikia barua ile, kwa kuwa aliniomba kwa heshima na kwa kuwa sikuwa na neno la kumjibu. Nikasema tu, "Baba, nipe siku chache kabla hatujaipeleka." Maneno haya mnayoyasoma ni mawazo ya siku zile chache, ambazo zimegeuka kuwa nyingi.

Sisi tunapotaja vita vya rohoni, mara fikira zetu hukimbilia usiku. Twawaza habari za wachawi na mizimu, na bundi juu ya paa, na mtu aliyepagawa akipiga makelele hata majirani wakaamka. Sikatai kwamba mambo hayo huwatia watu hofu ya kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kukesha kwa ajili ya bundi, hali ni mtu mzima mwenye cheti cha ualimu ukutani. Walakini katika miaka yangu yote sijamwona Mkristo wa kijiji hiki aliyeiacha imani kwa sababu ya bundi. Walioacha, waliacha mchana kweupe, tena waliacha polepole. Jumapili moja mvua ilinyesha, ya pili palikuwa na kazi shambani, ya tatu hapakuwa na sababu yoyote. Hakuna aliyewafukuza, wala hakuna aliyewashawishi kwa fedha. Walichoka, basi.

Katika kutafuta jibu la mzee wangu nilikuta habari za watu waliolijua jambo hili kuliko sisi, nao ni wale Wakristo wa karne ya 4 waliotoka mijini na vijijini wakaenda kukaa katika jangwa la Misri, ili wamtumikie Mungu kwa kusali na kufanya kazi za mikono. Mmoja wao aliitwa Evagrius. Alizaliwa yapata mwaka 345 katika nchi ya Ponto, kando ya Bahari Nyeusi, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Alikuwa msomi sana. Askofu Basili alimfanya msomaji wa kanisa, na Gregori wa Nazianzo akamfanya shemasi, naye akapata sifa kubwa katika mji wa Konstantinopoli kwa ufundi wake wa kujadiliana. Huko ndiko alikopendana na mke wa mtu mkubwa. Usiku mmoja aliota kwamba amekamatwa na kufungwa, na katika ndoto ile akala kiapo kwamba ataondoka mjini. Alipoamka akaona kwamba kiapo ni kiapo hata kikiapwa usingizini, akapanda chombo kwenda Yerusalemu. Msidhani kwamba vita vilikwisha hapo. Alipofika Yerusalemu akarudia mavazi yake mazuri na majivuno yake, akasitasita, kisha akashikwa na homa iliyomlaza muda wa miezi sita, na waganga wasijue la kufanya. Mama mmoja wa Kirumi, jina lake Melania, aliyekuwa na nyumba ya watawa pale, ndiye aliyetambua kwamba mgonjwa ana jambo alifichalo. Akamtaka aseme. Akasema yote, akaweka nadhiri, akapona, na yapata mwaka 383 akaenda Misri. Alikaa miaka miwili mahali paitwapo Nitria, na miaka 14 huko Kellia, maana yake Vyumba Vidogo, akijipatia mkate wake kwa kunakili vitabu kwa mkono. Alikufa mwaka 399. Baadhi ya mafundisho yake juu ya asili ya roho yalikuja kuhukumiwa na Kanisa katika karne ya 6, nami siyatetei. Lakini aliyoyaandika juu ya vita vya moyo yalihifadhiwa hata na wale waliomhukumu, kwa maana ni ya mtu aliyeshindwa mara nyingi akajua adui huingilia mlango gani.

Evagrius alihesabu mawazo mabaya manane yanayompiga mtu wa Mungu, kama vile ulafi, uzinzi, kupenda fedha, hasira na kiburi. Katika hayo liko moja aliloliita kwa Kiyunani akedia, yaani hali ya moyo kutojali tena, akasema ndilo zito kuliko yote. Akalipa jina jingine pia, akaliita pepo wa adhuhuri. Jina hilo limetoka katika Zaburi ya 91, ambayo wao waliisoma katika tafsiri ya Kiyunani, nayo hutaja pepo mahali ambapo Biblia yetu hutaja maradhi.

Asema pepo huyu huanza kumshambulia mtu kwenye saa nne, akamzingira mpaka saa nane. Wazungu wakisoma maneno hayo hawana budi kuhesabu upya, lakini sisi hatuna taabu, kwa maana watu wale walihesabu saa tangu kucha kama tuhesabuvyo sisi. Saa nne ni wakati ule jua linapoanza kuuma mgongo wa mwenye jembe, na saa sita ni jua la utosi. Basi pepo huyo kwanza hulifanya jua lionekane limesimama, na mchana kuwa wa saa 50. Kisha humlazimisha mtu kutazama dirishani, na kutoka chumbani kulitazama jua, aone limebaki mbali gani kufika saa tisa. (Saa tisa ndiyo iliyokuwa saa yao ya kula.) Kisha humtia chuki ya mahali pale, na ya maisha yale, na ya kazi ya mikono yake. Humnong'oneza kwamba upendo umekwisha katika ndugu, hakuna wa kumfariji. Na kama yuko mtu aliyemwudhi siku zile, pepo hulishika neno hilo na kulikuza. Humwonyesha mahali pengine ambapo riziki hupatikana kwa urahisi na kazi ina faida. Tena humwambia, na hapa ndipo ninapostaajabia ujanja wake, ya kuwa Mungu yuko kila mahali, kwa hiyo hakuna haja ya kumwabudia hapa. Mwisho humkumbusha jamaa zake, na kumwonyesha urefu wa miaka iliyobaki na taabu zake zote.

Niliposoma hayo niliona haya, kwa sababu namfahamu. Katika mwaka wangu wa sita wa kufundisha niliandika ombi la kuhamishwa. Sababu niliyoitaja ilikuwa kumtunza mama yangu mzee. Mama yangu alikuwa na wanawe watatu jirani naye, wala hakuniita. Kweli ilikuwa kwamba nimechoka kuwafundisha watoto kupambanua r na l, nami niliiona miaka 20 mbele yangu, yote ya r na l. Ombi halikukubaliwa kwa kukosekana mwalimu wa badala. Nilinuna mwezi mzima, nikijiona mtoto mwema aliyezuiliwa kumheshimu mama yake.

Cassian, aliyejifunza kwa wazee wa jangwani kisha akayapeleka mafundisho yao Ufaransa, ambayo zamani zile iliitwa Galia, anaeleza jambo hili waziwazi zaidi. Asema pepo huyu humhimiza mtu aende kuwatazama wagonjwa walio mbali, na kumsaidia mama fulani mcha Mungu asiye na jamaa, na kwamba kazi hizo ni bora kuliko kukaa chumbani bila faida. Angalieni basi: adui hapigi kwa neno baya. Hupiga kwa neno jema lililo mahali pengine. Ndiyo sababu naona halikutendewa haki jambo hili katika zamani za baadaye. Papa Gregori Mkuu, aliyetawala tangu 590 hata 604, alipoyapanga upya mawazo yale yakawa dhambi kuu saba, alilichanganya hili na huzuni, na baada ya muda watu wakaliita uvivu. Mvivu hulala. Mwenye pepo wa adhuhuri aweza kuwa na shughuli kutwa nzima, akaanzisha chama leo na kukiacha kesho, akahama kanisa hili kwenda lile, na kila mtu akamsifu kwa bidii yake. Asichoweza ni kubaki.

Na Mtume Paulo, alipowaandikia Waefeso hali amefungwa, akawataka wavae silaha za Mungu, je, aliwaambia wafanye nini baada ya kuvaa? Isomeni sura ya 6 polepole. Hataji kukimbiza wala kuteka. Neno alirudialo katika aya zile chache ni kusimama. Askari wa Kirumi mwenye ngao kubwa, kazi yake ya kwanza ilikuwa kutoondoka mahali alipowekwa, maana akiondoka yeye, na jirani yake yu wazi.

Sasa nirudi kwa swali la mzee, kwa maana sikulisahau. Je, asaliye hali moyo wake mkavu ni mnafiki?

Nilipolitafakari niliona kwamba twalitumia neno hili vibaya. Mnafiki ni yule atakaye watu wamwone kuwa na kitu asicho nacho. Mzee wangu hakutaka aonekane na kitu. Alikuja kwangu usiku ukiingia ili aseme hana. Mama anyonyeshaye, mtoto akilia katikati ya usiku, je, huamka kwa hamu? Huamka macho yamefumba, pengine amekasirika. Hakuna amwitaye mnafiki kwa kuwa alinyonyesha bila utamu moyoni, wala mtoto hakushiba pungufu. Au mtazameni kijana akaaye dunguni kuamia ndege wa mpunga. Siku ya kwanza huimba na kupiga kombeo kwa furaha. Siku ya ishirini amechoka na jua na upweke. Ndege hawajui kama ana hamu. Wajua tu kama yupo.

Lakini mtu atanipinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema, manabii hawakuwakemea watu waliomkaribia Mungu kwa midomo tu, mioyo yao ikiwa mbali? Isaya alifanya hivyo, na Amosi alisema makali zaidi juu ya sikukuu zao na nyimbo zao. Bwana wetu aliyatumia maneno ya Isaya juu ya watu wa dini wa siku zake. Kweli. Lakini tuwatazame walioambiwa hayo. Amosi aliwaambia watu waliowakanyaga maskini wakalala usingizi mzuri. Umbali wa mioyo yao haukuwauma. Mtu aumwaye na ukavu wa moyo wake hayuko mahali pamoja nao, kama vile mwenye kiu asivyo sawa na maiti, ingawa wote wawili hawana maji kinywani. Hata hivyo sitaki kulimaliza pingamizi hilo upesi. Hatari ipo. Yawezekana mtu akavumilia miaka mingi, mwisho kuvumilia kwenyewe kukawa desturi, na kiu ikafa asijue ilikufa lini. Mimi sina kipimo cha kulitambua hilo kwa mwingine. Kwa nafsi yangu nina alama moja tu, nayo ni kama bado naona uchungu.

Evagrius hakuwaambia watu wakae wakaume meno. Aliwapa kazi. Alisema mtu akishambuliwa hivyo aigawe nafsi yake sehemu mbili, moja iifariji nyenzake, kwa machozi, kama mwenye Zaburi ya 42 aiulizavyo nafsi yake mbona imeinama. Aliandika pia kitabu kizima cha aya fupi za Maandiko, karibu 500, kila moja ya kujibia wazo fulani baya, ili mtu asipatikane hana neno saa ya vita. Kwa maana mtu aliyechoka hawezi kutunga sala ndefu, lakini aweza kusema neno moja alilolishika kwa moyo. Na alisisitiza kwamba mtu asihame wakati wa shambulio, hata kama ana sababu nzuri. Wakati huo sababu zote ni nzuri. Ngoja litulie, kisha uamue. Tena alishuhudia jambo la kutia moyo: pepo huyu akiisha kushindwa, hakuna mwingine amfuataye mara moja, hufuata amani na furaha isiyosemeka.

Hapa sina budi kuweka neno kando, kwa kuwa nimeona madhara. Si kila uchovu ni pepo. Namkumbuka mtu aliyekemewa mbele ya watu kwa uvivu wa roho, naye alikuwa na safura. Minyoo ile ikimnyonya mtu damu, hawezi kushika jembe wala kukaza fikira. Alipopata dawa ya minyoo na dawa ya kuongeza damu alipiga magoti vizuri tu. Vivyo hivyo asiyelala usiku majuma mengi, asiyeona ladha ya chakula, atamaniye afe, apelekwe hospitali pamoja na kuombewa, wala asionewe aibu. Nabii Eliya, baada ya kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, alikimbilia jangwani akaketi chini ya mti akaomba kufa. Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akalala tena, akapewa tena. Maswali yalikuja baadaye, mlimani.

Naye Antonio, yule mkubwa wa wakaa jangwani aliyekufa mwaka 356, husimuliwa kwamba siku moja alijaa uchovu huu na mawazo mengi ya giza, akamlilia Mungu kwamba ataka kuokoka lakini mawazo hayamwachi, afanyeje? Akatoka nje, akamwona mtu kama yeye mwenyewe ameketi akisuka kamba. Mtu yule akaondoka katika kazi yake akasali, akaketi tena akasuka, akasimama tena akasali. Alikuwa malaika, akamwambia Antonio afanye vivyo hivyo naye ataokoka. Nimependa sana kwamba malaika hakuja na upanga. Alikuja na kamba ya makuti.

Cassian anasimulia na Abba Paulo, aliyekaa mbali kiasi cha mwendo wa siku saba kutoka mahali pa watu. Alikuwa na mitende na kibustani, chakula chake hakikumpungukia. Hata hivyo kila siku alikusanya makuti akajipimia kazi ya kusuka, na pango lake lilipojaa kazi ya mwaka mzima, aliitia moto yote, kwa kuwa gharama ya kuipeleka sokoni ingaliipita bei yake. Kisha akaanza tena. Mke wangu, ambaye husuka ukili vizuri kuliko wanawake wote wa upande huu, nilipomsomea habari hii alisema ni ujinga kuchoma majamvi mazima, angalau angewangoja wapita njia. Nami siwezi kusema amekosa. Lakini usiku nilimwazia mzee yule mbele ya moto wake, asubuhi akichukua kuti la kwanza la mwaka mpya, nikakumbuka r na l.

Siku ya Jumamosi nilikwenda kwa mzee wangu, nikamsomea habari za Evagrius tangu mwanzo. Nilipofika mahali pa kutoka chumbani kulitazama jua, aliinua mkono nisimame.

"Walikula saa ngapi, umesema?"

"Saa tisa, baba."

"Basi saa sita alikuwa na njaa," akasema, akacheka hata akakohoa. Kisha akanyamaza. Nikaendelea na habari za ndugu kukosa upendo, na za miaka iliyobaki. Nikaeleza na yale niliyowaza juu ya kijana wa dunguni. Akawa anachora chini kwa fimbo yake.

"Mtu huyo hakuwahi kufika kijijini hapa?" akauliza.

"Hakufika, baba. Alikufa zamani, yapata miaka 1,600 na zaidi."

Akatikisa kichwa. Nikamwuliza juu ya barua, niipeleke au niichane. Akasema, "Iache kwanza. Kengele ya kesho nitaipiga. Ya kesho kutwa sijui."

Barua ingali katika sanduku langu, chini ya madaftari ya wanafunzi. Hajaiulizia tena, nami sijaichana. Leo asubuhi kengele ililia, imechelewa kidogo.